Saa ya Kujitegemea

Baba yangu alikuwa mzamiaji bandarini Kigoma. Wavu ukijisokota kwenye rafadha ya meli, yeye ndiye aliyeshuka na kisu kuukata. Mwaka jana alianguka bafuni, kwenye maji ya ndoo moja, na upande wake wa kushoto ukapooza. Nilimtania kwamba ziwa zima lilimshindwa, ndoo ikamweza. Alicheka kwa upande uliobaki.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: saa ya mzamiaji. Ile ya zamani ilikuwa mali ya kazi, akairudisha. "Nikirudi majini," alisema, "narudi na yangu." Mama alikazana kukoroga sufuria iliyokwisha kuepuliwa.

Duka la ushirika lilikuwa na sabuni, tena kwa bahati. Saa zilivuka ziwa kutoka Zaire, chini ya vitenge vya mama mmoja wa Kimanyema pale Ujiji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Si wewe uliyeniuliza juzi kama nauza saa na mikono ya kuzivalia?"

"Ndiye mimi."

Alikuwa nazo mbili za bei nafuu. Kwa kuwa baba aliwahi kumwopolea mzigo wake majini, alikubali nizijaribu kwanza. Nikavaa moja kila mkono. Shuleni mwalimu wa siasa aliuliza mbili za nini, nikamwambia moja ya chama, moja ya serikali. Alinichapa viboko vya mikono, saa zikaendelea kutembea. Hilo likawa jaribio la kwanza.

La pili nilizama nazo ziwani, pale Bangwe. Nyeusi ilikuwa nzuri, mishale inang'aa gizani, lakini kioo kikapata ukungu. Ya buluu ilichelewa dakika nne kwa siku, ila halikuingia hata tone. Zote hazitiwi ufunguo, zinajijaza zenyewe.

"Mzee," nilimhutubia baba, "hii ndiyo siasa ya kujitegemea!"

Akachagua ya buluu. Nikamfunga mkono wa kushoto, maana mwanamume, alisema, havai saa kulia. Kesho yake jioni ilikuwa imesimama.

"Mbovu hiyo. Kaniletee nyeusi."

Nyeusi nayo ikasimama. Nikazirudisha zote. Yule mama akazitikisa kidogo, zikaanza kutembea papo hapo.

"Baba yako anavaa mkono gani?"

Nikamwambia. Akaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari. "Hizi zinaishi kwa kutikiswa na mkono, mwanangu."

Njia nzima kutoka Ujiji nilitafuta mzaha wa kumwambia baba. Mimi, ambaye nina mzaha hata msibani, sikupata. Nikamfunga tena ile ya buluu, nikasema fundi ameitengeneza.

Sasa kila asubuhi naichukua nikienda kuchota maji, eti nailinganisha na king'ora cha bandari. Naitikisa kama kayamba kwenda na kurudi, watu wa mtaa wetu wa Katubuka wanadhani nimerukwa na akili. Nikimvalisha, anasogeza sikio.

"Unasikia inavyotembea? Mkono umeanza kuamka."

"Ndiyo, baba."

Juzi alimwomba mama amnolee kisu chake cha kuzamia.

Mwezi ujao nakwenda shule ya bweni Tabora. Nimeipima saa ile: ikijaa kabisa, inatembea siku moja na nusu.