Shule Isiyofunga Choo

Watu wakihamia mji mgeni huuliza majirani ni watu wa namna gani. Mama Mita alitaka kujua kama maji yanatoka kweli, na wala hakumuuliza mtu. Aliinama, akafunua kifuniko cha chuma pembeni mwa ukuta, akapangusa vumbi kwa kidole, akasoma.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwa miaka kumi na mmoja alipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, mkoba begani, viatu vimelika kisigino upande mmoja. Huko ndiko alikopewa jina, nalo likamganda hata mashangazi zake wakalizoea. Kazi ilimfunza jambo moja, kwamba mwenye nyumba husema lake na mita husema lake, na ukitaka kujua ukweli usibishane na mwenye nyumba.

Sasa msomaji huyu wa mita za mji mzima alishindwa kusoma chupa moja ya maji nyumbani kwake. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe halifichi.

Binti yake, Kadogo, ana miaka minane na kibofu chenye udhaifu. Daktari alishasema hauna ajabu, utakwisha akikua, ila kwa sasa anywe maji kwa wingi na asijizuie hata kidogo, maana akijizuia figo ndizo zitakazoumia. Shuleni mwalimu alikuwa na msemo wake: subiri kengele. Siku moja mtoto alisubiri, kengele ikachelewa, akajikojolea mbele ya darasa. Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Bomba Bovu.

Hakumwambia mama yake. Alichofanya ni kuacha kunywa maji, kwa hesabu ya kitoto kwamba kisichoingia hakitatoka. Chupa iliondoka nyumbani imejaa na kurudi imejaa, mwezi mzima, na Mama Mita alikuwa akifurahi, akidhani mwanawe anaijaza tena shuleni kabla ya kurudi. Aliwasimulia hata wenzake kazini jinsi binti yake alivyo na akili. Kisha Kadogo akaanguka kwa homa, na siku ya pili wodini, midomo imekauka, ndipo akasema yote. Mama Mita alitoka nje ya wodi akalia akiwa amesimama, akajiona mjinga kuliko wajinga wote aliowahi kuwagongea mlango.

Kwa hiyo barua ya uhamisho ilipokuja, ikimpa wiki tatu za kuripoti tawi la mji mwingine, aliisoma mara moja akaikunja. Wenzake walimpa pole. Yeye aliona mlango umefunguka.

Katika mji huo aliishi kaka yake mkubwa, karani mkuu wa ofisi ya ardhi, mtu wa koti na wa maneno machache ambayo hupenda yafuatwe. Kabla dada yake hajafunga hata sanduku, alikuwa ameshamaliza kila kitu. Nyumba ilikuwa jirani na kwake, mtaa wa kuta ndefu na maua, mtaa wa watu, kama alivyouita. Nafasi ya shule ilikuwa katika shule inayosifiwa kuliko zote, ambayo mwalimu mkuu wake alikuwa akikaa naye kwenye kamati. Kaka alishampa neno lake. Kilichobaki ni mtoto kupimwa sare.

Mama Mita alishukuru, kwa sababu kaka ni kaka. Kisha akaomba ruhusa ya siku nne kazini, akamwacha Kadogo kwa shangazi, akaenda kujionea.

Alipanda basi la wanafunzi kutoka mtaa wa maua hadi shule ile akiwa ameishika saa mkononi. Dakika arobaini na tano, bila kusimama popote. Kibofu cha Kadogo kiliweza robo saa, ishirini akiwa na bahati. Alijiambia nyumba inaweza kutafutwa karibu zaidi, akaingia getini.

Kwa kweli shule ilipendeza. Sakafu inang'aa, vikombe vya ushindi kabatini, watoto wamenyooka kama wamepigwa pasi wakiwa ndani ya nguo. Mwalimu mkuu, mwanamume mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni, alimwonyesha maktaba na chumba cha kompyuta. Mama Mita akaomba aonyeshwe choo. Mwalimu mkuu alicheka kidogo, akasema wazazi wengine huomba matokeo ya mitihani.

Choo kilikuwa kisafi, tena kisafi sana. Mlangoni kuna kufuli. Ufunguo, akaelezwa, anao mwalimu wa zamu, na hufunguliwa wakati wa mapumziko. Mama Mita alichutama pale ukutani, na sketi yake ya ofisini, akafunua kifuniko cha mita. Watoto mia sita wako madarasani, saa tatu na nusu ya asubuhi yenye jua, na mshale mwekundu, unaozunguka hata tone likipita, umetulia tuli. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alikuwa akiiona chupa ya Kadogo, imejaa, mara mia sita.

Alisimama akaeleza ugonjwa wa mwanawe, akatoa cheti cha daktari. Mwalimu mkuu alikisoma chote, kisha akakirudisha kwa upole.

"Mama, mtoto lazima ajifunze kujizuia. Ndiyo malezi. Hatuwezi kubadili utaratibu wa shule kwa ajili ya mtoto mmoja."

"Basi mtoto mmoja hatakuja," akasema Mama Mita, akakikunja cheti, akatoka.

Siku mbili zilizofuata alizunguka na dalali, kijana mchangamfu ambaye hakujua amekutana na nani. Alimwonyesha nyumba ya kwanza, akafungua bomba kwa mbwembwe, maji yakaruka. Mama Mita akaenda nyuma, akaisoma mita akailinganisha na bili ya mwisho, akaona na ndoo ambazo hazijakauka, akarudi akamwambia hayo maji yamepandishwa kwenye tangi kwa ndoo asubuhi ile, na kwamba bomba lenyewe halijapitisha tone tangu mwezi uliopita. Nyumba ya pili hadithi ilikuwa hiyo hiyo. Ya tatu dalali mwenyewe alisema mlangoni, "Hii tusiingie, dada, tutapotezeana muda." Wakacheka, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Ni dalali huyo aliyempeleka upande wa karakana za mbao, akiomba radhi njia nzima. Kulikuwa na shule ya serikali, dirisha moja lina kioo na jingine lina boksi, watoto hamsini na wanane darasa la tatu. Mama Mita alisimama nje ya uzio kama mtu anayesubiri mtu. Mtoto akatoka darasani peke yake, akaenda chooni, akanawa kwenye bomba lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akarudi mbio. Akatoka mwingine. Kwa nusu saa walitoka saba, na hakuna aliyebeba karatasi ya ruhusa wala aliyeulizwa.

Alimsubiri mwalimu wa darasa hilo, mama mnene mwenye chaki hadi kwenye nywele, akamuuliza huwa anawapaje ruhusa.

"Ruhusa ya nini? Kibofu ni chao. Mimi nafundisha hesabu."

Mama Mita alishika uzio. Alitaka kumkumbatia mwanamke yule na chaki zake zote, lakini aliishia kumuuliza fomu zinapatikana wapi.

Nyumba aliipata jioni hiyo, vyumba viwili nyuma ya karakana, vumbi la mbao dirishani na msumeno unaolia tangu asubuhi. Aliitembea njia hadi shuleni kwa hatua fupi fupi, hatua za Kadogo, na maseremala wakamtazama wakidhani anaumwa. Dakika kumi na mbili.

Simu zikaanza. Kaka alisema ameaibishwa mbele ya kamati. Shangazi alikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama Mita alimjibu, kwa heshima zote, kwamba livunjike tu, kwani safari yenyewe ni ya dakika kumi na mbili. Shangazi alikata simu, na wanaomjua wanasema alicheka.

Wiki ya tano tangu wahamie, Jumapili alasiri, kaka alikuja mwenyewe. Alikaa kwenye kiti kimoja kilichokuwa na mito, akapangusa vumbi la mbao kwenye goti, akamwita Kadogo aketi mbele yake asikie. Alianza mbali, na marehemu baba yao na jinsi alivyowasomesha. Akasema jina la ukoo halijengwi vichochoroni. Akasema mtoto asiyefundishwa kujizuia akiwa mdogo, ukubwani atakuwa mtu wa aina gani.

Hapo Kadogo akainuka. Hakumtazama mama yake, hakuinua mkono. Alipita kati ya mjomba na meza, taratibu, akatoka kwenda uani.

Mjomba akamgeukia dada yake. "Anaondoka mkubwa akizungumza? Na wewe unamtazama?"

"Namtazama," akasema Mama Mita.

Na kweli alikuwa akimtazama, macho yamemjaa machozi na kidevu juu, wala hakujisumbua kuyafuta. Walisikia maji yakimwagika, kisha mlango. Kadogo akarudi, mikono inadondosha maji, akajimiminia kikombe mezani, akanywa hadi mwisho. Ndipo akaketi palepale alipokuwa.

"Endelea, mjomba," akasema. "Nikisikia haja tena, nitatoka tena."