Aliyefungiwa Nje

Jumatano, kwenye saiba moja ya intaneti mjini Kakamega, mama mjane kutoka Butere alikuwa akifungua kikundi cha wajane na wagane kwenye mtandao wa kijamii usio na tajiri mmoja anayeumiliki. Huko kila kikundi hujitungia sheria na kulinda mlango wake.

Mwanamume wa kiti cha pili, kando yangu, akachungulia. "Mama, niingize pia. Nauza majeneza."

"Umefiwa na nani?"

"Bado, mama."

Mama akainua kiganja kama askari wa barabarani. "Basi baki nje, ndugu yangu. Mungu akuweke huko huko."

Tulicheka sote. Kisha nikampa mama simu yangu aniingize, naye akaniuliza swali lile lile. Nikataja jina la mke wangu, polepole.

"Karibu, baba."

Namshukuru Mungu kwa mlango huo, ingawa aliyefungiwa nje ndiye mwenye bahati.