Magogo Yenye Namba Nyekundu

Gogo la kwanza lilikuwa na namba 3.

Namba yenyewe imepakwa kwa rangi nyekundu, mwandiko umetulia kama namba ya nyumba. Gogo fupi tu, urefu wa hatua moja, limekatwa kwa msumeno pande zote mbili. Limekwama kwenye nguzo ya tatu ya daraja, linachezacheza na maji kana kwamba linanisubiri.

Nikacheka, nikasema labda limewaponyoka wapasua mbao huko juu.

Jumamosi iliyofuata yakaja matatu. Namba 5, namba 6, namba 8.

Hapo nikaacha kucheka.

Ngoja niwaambie mimi ni nani. Mimi ni mkaguzi wa daraja. Kazini wananiita Bolti, kwa sababu natembea na spana na sipiti bolti bila kuigusa. Mwanamke pekee kwenye kikosi, na juu yangu yuko Injinia tu.

Watu wanadhani adui wa daraja ni lori lililozidisha mzigo. Thubutu! Adui mkubwa ni mti.

Mafuriko yanang'oa miti huko juu. Mmoja unakuja kukwama kwenye nguzo, wa pili unakwama kwenye wa kwanza, na takataka zote za mto zinajazana hapo hapo. Saa chache tu tayari una ukuta. Maji yanausukuma ukuta, ukuta unaisukuma nguzo, na maji yaliyokosa njia yanapita chini kuchimba msingi. Daraja likianguka, hospitali iko ng'ambo, na wewe uko huku na mgonjwa wako.

Ndiyo maana juu kidogo ya daraja letu kuna safu ya vyuma virefu vimesimikwa mtoni. Tunaviita meno. Kazi yake ni kuyapokea magogo na kuyasukumia kando, kwenye maji mafupi, tuje kuyavuta na mashine.

Sasa jiulize kama nilivyojiuliza mimi. Haya yenye namba yalipitaje?

Nikaanza kuyaandika kwenye daftari langu la doria. Namba, siku, saa, nguzo lilipokwama. Nikasema siku nikimshika huyu mtu, asije akanigeuzia kibao.

Dereva wa kijiko, ile mashine ya kuvutia magogo, ambaye naye tunamwita Kijiko, jamaa wa maneno mengi, akaja kuchungulia.

"Dada Bolti, hii ni hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Ila mtu anayehesabu ana anakokwenda. Akifika utaona."

Maneno yake yakaniingia mwilini kama baridi.

Jumapili moja tukakutana kwa Mama, familia nzima. Dada yangu mkubwa alikuja na mumewe, shemeji yangu. Tunakula, kila mtu na stori zake. Shemeji akanyoosha mkono kuchukua chumvi.

Kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu.

Nikarudisha tonge sahanini.

Huyu shemeji alikuwa mpima wa ofisi yetu. Mwaka uliopita, kwenye kikao mbele ya wageni, alisimama akamwambia Injinia kwamba meno yamekaa vibaya na yeye anaona aibu kuyatazama. Injinia akawaka. Wakarushiana maneno mazito. Shemeji akaondolewa kazini na kupigwa marufuku kukanyaga eneo la daraja. Siku anatoka alisema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Hilo daraja litakuja kuwaumbua."

Mimi kwenye kile kikao nilikuwepo. Niliangalia chini.

Toka siku hiyo salamu zetu zikawa za "hujambo, sijambo", basi.

"Shemeji, naona unapaka rangi siku hizi," nikamwambia pale mezani, najifanya natania.

Akanitazama. Akatabasamu kidogo. "Si unaona mwenyewe kazi inavyokwenda?"

Nikasema moyoni, huyu mtu ananicheka usoni. Anamjaribu nani? Anatuma madogo aone njia, kisha msimu wa mvua alete makubwa.

Jumamosi ikafika. Nikajifunga kitambaa usoni, nikapanda asubuhi kwa njia ya mashambani, nikajibanza kwenye kichaka juu ya kona ya mto. Hata nusu saa haikuisha. Shemeji huyo, suruali imekunjwa magotini, anaburuta magogo kwenye toroli.

Akaangalia saa. Akaandika kitu. Akasukuma gogo majini, akasimama akilifuata kwa macho mpaka likapotea, kama mtu anayelenga shabaha.

Nikapiga picha tatu kwa simu, nikarudi mbio.

Injinia alipoziona akaegemea kiti. Nilitegemea ashtuke. Alifurahi!

"Sasa tumempata," akasema.

Furaha ile sikuipenda. Lakini nilikuwa nimeshasema, na maneno yakishatoka hayarudi mdomoni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na Injinia na askari wawili. Shemeji alikuwa na gogo namba 31 mikononi. Hakukimbia. Aliwaangalia askari, akamwangalia Injinia, kisha akaniangalia mimi, macho yamemtoka.

"Wewe ndiye umewaleta?"

Nikamwambia ni mimi.

"Kumbe hukusoma!"

Aisee. Nilipandwa na hasira! Mimi sikusoma? Mimi mwenye cheti kimening'inia ukutani, na miaka miwili ya masomo ya jioni? Nikawaambia askari, "Mchukueni tu."

Jumatatu mchana Dada akaja kwangu. Redio imesema huko juu mvua imenyesha siku mbili mfululizo, na mimi najiandaa kurudi kazini. Hakubisha hodi. Alisukuma mlango, akatupa daftari mezani.

"Mume wangu yuko ndani na wewe unafunga kamba za viatu."

"Dada, nilimwona kwa macho yangu."

"Uliona nini?"

"Anatupa magogo ya kubomoa daraja."

"Magogo ya urefu wa mtoto wa miaka minne yabomoe daraja? Hivyo ndivyo ulivyofundishwa kazi? Fungua hilo daftari. Mimi silielewi, lakini najua mume wangu hakeshi na rula kwa ajili ya ubaya."

Nilifungua ili nimridhishe aondoke.

Kulikuwa na safu nne zilizochorwa kwa rula. Namba ya gogo. Saa lilipotupwa. Mahali lilipotupwa: katikati, kulia, kushoto. Safu ya nne ilikuwa na kichwa tu: Lilipokwama.

Safu hiyo ilikuwa tupu kuanzia juu mpaka chini.

Nilikaa kitako. Nikavuta daftari langu la doria, lile la ushahidi wa kumfunga. Namba 3, nguzo ya tatu. Namba 5, nguzo ya tatu. Namba 6, nguzo ya tatu.

Daftari langu lilikuwa safu yake ya nne.

Tukajaza mimi na Dada, yeye anasoma, mimi naandika. Magogo ishirini na tatu niliyoyaokota, ishirini yalikwama nguzo ya tatu. Lolote lililotupwa kulia au katikati lilikwenda hapo hapo. Yaliyokwama kwenye meno yalikuwa matatu tu.

Mto ulikuwa umehama. Baada ya mafuriko ya mwaka juzi fungu la mchanga lilijenga upande wa kushoto, maji yakasogea kulia, na meno yetu yakabaki yanauma hewa. Shemeji hakuwa anabomoa kitu. Alikuwa anautafuta mkondo.

"Dada..."

"Usiniambie mimi. Kamwambie aliyemfunga."

Nikamfuata Injinia mbio na madaftari mawili mkononi. Nilitegemea ugomvi, maana hayo meno aliyachora yeye. Alisoma kimya, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Rangi ikamtoka usoni.

"Mvua huko juu inaendelea?"

"Inaendelea."

Akanyanyua simu akapiga kituoni. "Mwachieni. Sasa hivi. Namtuma dereva."

Akili yangu, ambayo ilishazoea kushuku, ikahamia kwake. Amekubali haraka mno. Mtu anayeambiwa kazi yake ni mbovu hubisha hata kidogo. Huyu alijua. Alijua zamani, akamfukuza mwenzake aliyejua.

Lakini saa ile si ya maneno. Stoo tulikuwa na kamba nene ya chuma iliyofungwa mapipa matupu, inaelea juu ya maji kama shanga. Hutumika wakati wa matengenezo. Shemeji aliletwa, ndevu hazijanyolewa, hakunisalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mto, akaonyesha jiwe kubwa upande wa kulia.

"Fungeni hapa. Ncha nyingine ivutwe chini kule, kushoto, mpaka kwenye lile fungu la mchanga. Ilale mshazari. Ukiinyoosha moja kwa moja kukatiza mto, magogo yataikata."

Kijiko akavuta kamba kwa mashine, safari hii bila neno hata moja. Jua linazama, mapipa yamekaa.

Asubuhi saa moja nikafunga daraja. Abiria wa basi walinitukana matusi ambayo mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia. Mama mmoja akaniambia, "Mto wenyewe mtulivu, wewe unatafuta cheo!"

Saa tatu mto ukabadilika rangi. Saa tatu na nusu ukaanza kunguruma.

Ukaja mti wa kwanza, mzimamzima, na mizizi yake kama vidole. Ukagonga mapipa. Kamba ikalia. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, ulikuwa unateleza kwenye mapipa taratibu, unakwenda kushoto, unapanda mchangani. Nyuma yake ukaja wa pili. Wa tatu. Mpaka saa sita nilikuwa nimehesabu arobaini na moja, na pale mchangani kumejaa kama kambi ya wapasua mbao. Mmoja tu uliruka kamba. Uliipiga nguzo ya tatu kwa mkia, zege likabanduka upana wa sahani, ukapita.

Daraja likasimama.

Yule mama alikuja akanipa maji ya kunywa.

Alasiri tukawa ofisini, matope mpaka shingoni. Injinia akamwambia shemeji, "Kwa nini hukutuandikia? Kwa nini ufanye kwa kujificha?"

"Niliandika," shemeji akasema. "Nilileta hapa barua tatu."

Nikalipuka.

"Unaona?" nikamnyooshea Injinia kidole mbele ya watu wote. "Wewe ndiye umezificha! Ulilinda michoro yako, ukaacha watu wapite juu ya kifo!"

Injinia alimwita karani alete daftari la barua zilizoingia. Akafunua, akatafuta, akanigeuzia.

Barua tatu. Zote: Kwa Mkaguzi wa Daraja.

Na mbele ya kila moja, sahihi yangu.

Nikakumbuka. Ya kwanza ilikuja wiki aliyofukuzwa. Nikaona jina lake nyuma ya bahasha, nikasema huyu anataka nimwombee msamaha arudishwe kazi. Nikamwambia karani, "Zikija za huyu, weka tu droo yangu ya chini." Zilizofuata nilizitilia sahihi pamoja na nyingine, hata macho sikuinua.

Nikaenda kuvuta droo. Ya tatu ilisema hivi:

"Shemeji, kazi siitaki. Nimepigwa marufuku kufika darajani, kwa hiyo macho yangu ni wewe. Kuanzia Jumamosi nitatuma magogo yenye namba nyekundu. Tafadhali niandikie kila moja linapokwama. Usipokubali, niambie niache."

Sikumwambia aache. Akaamini nimekubali.

Ndipo nikaelewa alichosema siku ile mtoni. Hakuwa anatukana elimu yangu. Alikuwa anashangaa kwamba sikuisoma barua.

Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya karani na Kijiko. Akaitikia kwa kichwa. Injinia naye nilimwomba, akaniambia jambo ambalo bado linaniuma: "Bolti, nilikubali haraka kwa sababu namba zilikuwa zako. Nakuamini."

Meno yamehamishwa, shemeji ndiye aliyesimamia, amerudi kazini. Dada ilimchukua miezi mitano kunipigia simu. Tunaongea sasa, ila kuna siku katikati ya mazungumzo ananyamaza, na mimi najua anafikiria nini.

Kisa changu kinaishia hapo, na ninachowaachia ni hiki. Mtu ukishamshuku, hata chumvi akichukua utaona njama. Nilimfuata shemeji kwa siri, vichakani, nimejifunga kitambaa, wakati nyumba yake naijua na mlango wake haujawahi kufungwa kwangu.

Kama kuna mtu unamshuku leo, usimfuate kwa nyuma. Nenda mbele yake umuulize, kisha ukae kimya mpaka amalize kujibu.