Mafaili ya Ezron Ambayo Git Haikuyatunza

Kwa miaka mitatu Paskalina aliandika programu za kompyuta peke yake, katika chumba cha kupanga Kihesa. Ofisi ya kampuni yake iko Mbeya. Mtu aliyezungumza naye kila siku alikuwa Ezron, mwenzake wa kazi, tena kwa simu; ana kwa ana walionana mara mbili tu. Mwezi wa tatu Ezron akaugua, akafariki. Akazikwa kwao Idodi. Paskalina hakwenda. Hakujua angejitambulisha kuwa nani.

Baadaye bosi wao, Anyelwisye, akamtumia kompyuta ya marehemu, akapiga simu.

"Kazi yake yote imo kwenye Git. Kilichobaki ni takataka, futa, kompyuta apewe mtu mwingine."

Git ni mfumo unaotunza historia ya programu, ila hutunza yale mafaili tu uliyouagiza. Amri moja ingefuta mengine yote. Paskalina akasita, akaandika kwanza git status ili ayaone. Majina mekundu yakashuka kwenye kioo: majaribio, nakala za zamani, halafu mafaili ya sauti kumi na tisa. mama_mbegu. mama_kupalilia. mama_kuzaliwa_kwangu.

Akafungua hiyo ya mwisho.

"Mama, siku niliyozaliwa mvua ilinyesha?" Ezron aliuliza.

Mwanamke akacheka. "Ilinyesha mpaka baba yako akashindwa kuvuka mto."

Paskalina akaizima. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza kama ana mama.

Jumamosi akaenda Idodi. Mama yake Ezron, Lusia, alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama. Nilikuwa nafanya kazi na Ezron."

"Marahaba. Wewe ndiye Paskalina?"

"Umenijuaje, mama?"

"Alikuwa anasema, kuna dada yuko Kihesa, kazi ikiisha hataki kukata simu."

Paskalina akainama, asijue aangalie wapi. Lusia akamsogezea kigoda.

Paskalina akafungua kompyuta ya Ezron, wakazisikiliza sauti zote kumi na tisa. Ezron alipouliza jina la mmea fulani, Lusia akamjibu tena kwa Kihehe, taratibu, kama vile yupo pale. Paskalina akaziweka sauti kwenye simu yake Lusia, akamwonyesha pa kubonyeza.

Jumatatu akamwambia Anyelwisye kwamba ameshafuta.

"Kulikuwa na chochote?"

"Sauti za mama yake. Nimempelekea."

"Haya. Kesho nitakuunganisha na mtu mpya."

Siku hizi Paskalina humpigia Lusia kila Jumapili baada ya kanisa. Mara nyingi hapatikani. Akipatikana, huongea habari za mahindi.