Kadi Iliyosema Nimekufa

Kazi yangu ni mifupa ya ng'ombe. Naichukua kwenye buchari, mke wangu anaichemsha hadi mafuta yatoke, kisha mimi naikata kwa msumeno, naisugua kwa msasa na kutengeneza hereni na bangili. Tunafanyia kazi kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, hapa mtaa wa Raila, Kibera. Vumbi lake jeupe huganda kwenye nyusi, na watoto wangu wawili huniita babu nikitoka humo.

Kuuza niliachia mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mzigo Kawangware, kwa mama mmoja mwenye duka ambaye hubeba bidhaa za mafundi wengi kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Mimi na huyo mama hatukuwahi kuonana.

Jumamosi moja mama huyo akapiga simu: hereni zimeisha na maonyesho bado yanaendelea, tumpelekee nyingine haraka. Mke wangu alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Nikaoga, nikavaa shati safi, nikaenda mwenyewe.

Maonyesho yalikuwa kwenye uwanja wa shule moja ya kifahari. Nilizitambua bangili zangu hata kabla sijaifikia meza, nikasimama hapo kama mnunuzi, nikiona haya na fahari kwa pamoja. Kando yake kulikuwa na kadi kubwa yenye picha ya mke wangu akitabasamu, na chini yake maneno ya Kiingereza. Nikayasoma polepole. Yalisema mama huyu wa Kibera ni mjane. Mumewe aliuawa na wezi akitoka kazini, akamwachia watoto wanne, naye akajifunza kuchonga mifupa ili awalishe.

Nikasoma tena.

Mama mmoja mzee, mnunuzi, alikuwa ameshika bangili huku machozi yakimlengalenga. "Unamjua huyu?" akaniuliza.

"Namjua."

"Na mumewe, ulimjua?"

"Vizuri sana."

"Maskini," akasema, akachukua bangili tatu.

Alipoondoka, mwenye meza, yule mama wa Kawangware, akauona mfuko wangu wa hereni. "Sasa! Umetumwa na mama wa hereni? Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye marehemu."

Alicheka kwanza. Kisha akaangalia kucha zangu zilizojaa vumbi jeupe, na kicheko kikakatika.

"Woi! Lakini ni yeye aliniambia hana bwana!"

"Na wezi?"

Akainamisha kichwa. "Hao niliongeza. Ukiwaambia watu ni fundi tu anafanya kazi yake, wanapita."

Sikugombana naye. Niliing'oa ile kadi, nikamwachia mfuko, nikaondoka kwa miguu. Nilifika Kawangware ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa na nauli. Kwetu magharibi mwa Kenya mtu anayepumua hatangazwi kifo, ni mkosi. Mama yangu angesikia, sijui angefanya nini.

Mke wangu alikuwa akisugua sufuria ya mifupa. Nikampa kadi. Akaisoma, akaketi.

"Ulimwambia huna bwana?"

Nilitarajia akane.

"Nilimwambia. Ule mwaka ulisema unaenda kwenu wiki moja ukakaa miezi saba, simu imezimwa, nilimpelekea hereni. Akaniuliza, mzee wako ako wapi? Nikasema sina. Ulitaka niseme nini?"

"Zile hereni nilizoacha? Si kazi ilikuwa imesimama?"

"Haikusimama. Nilichonga mimi."

Nilimkodolea macho. Niliporudi mwaka ule nilimkuta ameshapata mnunuzi, nikashika msumeno na kuendelea, nikidhani aliuza zile nilizoacha. Sikuwahi kuuliza walikula nini.

Akaingia ndani, akatoka na kikopo. Ndani mlikuwa na jozi moja ya hereni zenye umbo la jani, ukingo wake mwembamba kiasi kwamba mimi nikijaribu hivyo mfupa huvunjika. Wezi walikuwa uongo, na watoto wanne pia. Kuchonga kulikuwa kweli.

Siku hizi tunachonga wote wawili. Mama wa Kawangware aliandika kadi nyingine, fupi, isiyo na maiti. Msamaha wa ile miezi saba sikuweza kuuomba siku ile. Niliuomba wiki mbili baadaye, tukiwa bandani, yeye akikata na mimi nimemshikia mfupa.

"Shika vizuri," akasema. "Usilegeze."