Kilo Mbili za Mizani ya Baba

Ghala tulilofanyia mazoezi lilikuwa la mahindi. Kuanzia mwezi wa sita lilijaa magunia mpaka karibu na bati, na ukifika mwezi wa kumi linabaki tupu. Mwenye ghala alikuwa akimpa kocha wetu ufunguo wakati huo, kwa sharti kwamba tufagie na tufukuze panya. Ndiyo maana msimu wetu wa mapigano uliangukia kwenye joto kila mwaka. Watu wa bondeni, kule Kamsamba, wakisikia mtu wa Tunduma analalamikia joto wanacheka. Lakini hao hawajawahi kukabwa kabari saa tisa alasiri chini ya bati, kwenye ghala lisilo na dirisha hata moja, huku vumbi la foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka linaingia kwa chini ya mlango.

Chini tulitandika magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa kutoka Mbozi, juu yake turubai kuukuu la lori. Turubai likipata joto linanata kama ngozi ya mtu. Ukiangushwa unasikia mgongo unabanduka.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mimi si msemaji. Darasani nikijua jibu naliandika pembeni mwa daftari, nasubiri mwingine alitaje, halafu naweka alama ya vema. Nilikwenda kwenye mapigano mchanganyiko, yale ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, kwa sababu niliona kule hakuna haja ya kusema. Ukikabwa na ukashindwa, unamgonga mwenzako mara mbili kwa kiganja, popote mkono unapofika, naye lazima akuachie hapo hapo. Kocha hakuwa mkali kwa mambo mengi, ila kwa hilo alikuwa anafukuza mtu. Sikuwahi kuona mahali pengine ambapo unaweza kusema inatosha bila kufungua mdomo.

Kocha alikuwa utingo wa malori zamani, akajifunzia mchezo upande wa Zambia. Alikuwa na neno lake moja la Kibemba, panono panono, yaani polepole, na alilisema hata pale alipotaka tukimbie. Wasichana tulikuwa wawili tu, hivyo akatuunganisha, akatuita pacha. Nami nitamwita hivyo hivyo.

Pacha wangu alitoka Itaka, akikaa kwa shangazi yake Tunduma ili asome. Siku ya kwanza ghalani alinitazama, akacheka.

"Wewe si mtoto wa yule baba wa mizani?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwezi wa saba ulikuja na hotpoti la ugali wakati sisi tunapimiwa. Uliniangalia, nikasema huyu dada anaringa."

"Siringi."

"Najua sasa. Huna tu maneno."

Ni kweli baba yangu ndiye aliyekuwa akipima mahindi pale ghalani kwa niaba ya tajiri mwenye ghala. Na siku ile ya mwezi wa saba naikumbuka kuliko anavyoikumbuka yeye. Mama yake alikuwa na magunia kumi na moja. Gunia la kwanza lilipopandishwa kwenye mizani akasogea kuangalia, akasema nyumbani walipima kwa jirani, likawa zaidi ya hapo. Hakusema kwa ugomvi. Baba akajibu, "Mama, mahindi yanakauka njiani. Na jua lote hili." Watu wakacheka, naye mama akacheka, akarudi nyuma. Pacha alikuwa ameshika shazia ya kushonea magunia. Mimi nikatazama hotpoti.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu darasa la saba, siku niliyopanda ile mizani kwa mchezo ikasema kilo thelathini na nane, wakati shuleni wiki hiyo hiyo nilipimwa nikawa arobaini. Nilimwambia baba nikidhani nimegundua ubovu, atafurahi. Alitazama kwanza mlangoni. Kisha akanionyesha nati ndogo ya kurekebishia uzito, nyuma ya nguzo ya mizani, akasema, "Hiyo ni mambo ya tajiri, mwanangu. Mimi nasoma kinachoonekana." Baba yangu ni mtu mpole, anaimba besi kwaya ya kanisani, hajawahi kunipiga. Hakuniambia nisiseme. Aliniambia tu nile ugali, unapoa.

Mashindano yalikuwa Mlowo, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijachanganya. Pacha alipangwa kupigana uzito wa kilo hamsini na mbili, na kocha hakuwa na mizani nyingine ila ile iliyobaki pembeni mwa ghala imefunikwa gunia. Wiki ya kwanza ikamwonyesha hamsini na tano. Kocha akasema zitatoka, panono panono.

Zilitoka kwa mateso. Alikimbia kuzunguka ghala mara ishirini akiwa amevaa mfuko wa nailoni wa ndani ya gunia la mbolea, umetobolewa kichwa na mikono, na juu yake makoti mawili ya shangazi. Akiuvua, maji yanamwagika kama mtu aliyemwaga bakuli. Shuleni wakati wa mapumziko alinipa andazi lake.

"Kula wewe. Mimi nakutazama."

"Kula hata nusu."

"Nikishinda, pacha, nitakula sufuria zima na mfuniko."

Alitaka ushindi ule kwa sababu moja. Makocha waliosema watamchukua kwenye kambi yao ya Mbeya na kumlipia shule walikuwa wanakuja Mlowo kuangalia. Mama yake alikuwa ameshasema ada ya kidato cha nne hataiweza. Kila mtu ghalani alijua hivyo, na mimi nilijua kuliko wote.

Alhamisi ya mwisho akapanda mizani, mkono wa mizani ukatulia. Hamsini na mbili kamili. Vijana wakapiga makofi, mmoja akagonga bati kwa fimbo. Mimi nilikuwa nafuta turubai kwa tambara. Nilijua kwamba aliyesimama pale ni mtu wa kilo hamsini na nne.

"Mbona unanuna? Furahi basi."

"Punguza tena kidogo," nikasema.

"Nipunguze nini, meno?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikajiambia pengine nati ilisharudishwa msimu ulipoisha. Kutoka niliposimama hadi nyuma ya ile nguzo zilikuwa hatua nne. Sikwenda kutazama kwa sababu nilijua nitakachokuta. Nikisema, kocha atauliza umejuaje, na kocha hana siri, mpaka jioni soko zima litajua, na wakulima wa Mbozi yote watamjia baba. Nikajiambia nitasema kesho. Ijumaa ghala halikufunguliwa.

Jumamosi tulipata lifti ya fuso mpaka Mlowo. Ukumbini waliweka mizani ya kioo, ile ya namba nyekundu. Pacha akapanda akitabasamu. Hamsini na nne na kidogo.

Kocha akamshusha, akampandisha tena. Namba ikawa ile ile.

"Umekula nini?"

"Sijala kocha."

"Jana usiku, kwa shangazi yako. Umekula nini?"

"Maji. Kikombe kimoja. Kocha, naapa."

"Kikombe cha kilo mbili?"

Mmoja wa vijana akasema kwa kejeli kwamba chipsi za Mlowo zina harufu kali, zimemnenepesha kwa pua. Pacha alinitazama mimi, kama mtu anayemwita shahidi wake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyangu vilikuwa ndala.

Waamuzi wakampa mpaka saa nane. Ilikuwa saa tano na nusu, jua limesimama. Nyuma ya ukumbi palikuwa na uwanja wa kuanikia, wa saruji. Kocha akamvika nailoni na makoti, akamkimbiza mpaka miguu ikakataa, kisha akamlaza na kumviringisha kwenye turubai la fuso kama chapati. Alibakiza uso tu nje, akaufunika khanga kuzuia jua. Akaniambia, "Pacha, kalia hapa kwenye pindo. Asitoke mpaka nirudi."

Nikakalia.

Mwanzo alikuwa anaongea. Aliniambia, "Labda ni ule uji wa Jumatano. Nililamba mwiko, pacha. Usimwambie." Nikasema simwambii. Saruji ilikuwa inanichoma mapaja kupitia sketi, na yeye alikuwa ndani ya turubai. Baada ya hapo akanyamaza. Halafu nikasikia chini yangu, kupitia turubai, kiganja chake. Mara mbili.

Nikamwita kocha. Alikuwa kivulini akibishana na waamuzi. Akageuka, akasema, "Hiyo haihesabiki, hapa si ulingoni. Dakika kumi tu." Pacha akagonga tena mara mbili. Nilibaki nimekaa. Nimeliandika hili mara nyingi kwenye daftari langu na kila mara nataka kuandika kwamba niliinuka.

Alipogonga mara ya tatu alikuwa anagonga taratibu, kama mtu anayebisha kwenye nyumba asiyotaka kuwaamsha wenyewe. Kisha hakugonga. Nilipofunua khanga macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananitazama, na ngozi ilikuwa kavu, ya moto, haina jasho hata tone. Kocha alipokuja akamgusa, hilo la kutokuwa na jasho ndilo lililomfanya atupe kofia yake na kukimbilia gari.

Hakufa. Watu wakifika hapa hudhani nitasema alikufa. Alilazwa wiki tatu, figo zikaumia, daktari akasema mazoezi ya nguvu basi, pengine moja kwa moja. Mama yake akaja kumchukua, akampeleka Itaka. Wale wa kambi waliondoka siku ile ile ya Jumamosi. Huku Tunduma kocha aliwaambia watu kwamba yule binti alikula kwa siri, akamdanganya, na kila mtu akaona ndivyo ilivyo, maana mizani ya ghala ilikuwa imesema hamsini na mbili.

Nilikwenda Itaka mwezi wa pili. Niliaga nyumbani kwamba naenda kumwona mgonjwa, na baba akanipa nauli na kusema nimpe pole. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni na kulikuwa na baridi ya ukungu, nikashangaa kwamba nchi ile ile imewahi kuwa na joto lile. Pacha alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, amevaa sweta, uso umejaa. Alifurahi kuniona, na hilo ndilo lililonifanya nianze kusema kabla sijakaa.

Nilisema yote. Nati, nguzo, kilo mbili, darasa la saba. Nilisema hukula kitu, ule uji haukuwa na kosa, wewe hukudanganya mtu. Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa pamoja maishani. Alinisikiliza huku akichokoa moto kwa kijiti. Kwa muda uso wake ulilegea, nadhani kwa sababu aliyapata tena yale aliyokuwa amenyang'anywa, kwamba alisema kweli. Kisha kijiti kikasimama.

"Kwa hiyo na magunia ya mama."

Nikatazama kijiti.

"Magunia kumi na moja," akasema. "Mama alirudi akatuambia yanakauka njiani. Mwaka huu anasema tuyaharakishe, yasipigwe na jua. Tubebe usiku usiku."

Nikaanza kusema kwamba baba hana uwezo, kwamba ni tajiri, kwamba baba anasoma tu kinachoonekana. Pacha akanyoosha mkono, akanigonga juu ya goti. Mara mbili.

Nikanyamaza hapo hapo. Hakuniambia niondoke wala nibaki.

Mama yake aliingia akitoka shambani, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya furaha. Alisema nimefanya vizuri kuja, wengine wote wamemsahau mwanawe. Nilipoaga alinijazia maharage kwenye mfuko, akasawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza viganja viwili juu mpaka mfuko ukakataa kufungwa.

"Mpelekee baba yako. Mwambie tutaonana mahindi yakikauka."

Nilimtazama pacha, nikingoja aseme. Alikuwa ameinamia moto. Mwishowe alisema tu, "Mama, mfungie vizuri, yasimwagike."

Maharage yale sikumpa baba. Yapo chini ya kitanda changu. Sasa ni mwezi wa sita, ghala limeanza kujaa, na mchana mimi ndiye ninayempelekea chakula. Jana nilifika wakati amesimama na mkulima mmoja mzee mbele ya mizani, nikaweka hotpoti chini, nikapita nyuma ya nguzo. Zilikuwa hatua nne, kama nilivyohesabu. Nati ilikuwa pale pale. Baba aliniona nimeishika, akaacha kusoma namba, na yule mzee akawa anatutazama wote wawili akisubiri aambiwe gunia lake ni kilo ngapi.