Uyoga wa Kikapuni

Labda sikumbuki yote sawasawa. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na siku hizo sikuandika kitu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwetu karibu na Masimba. Mama alirudishwa kutoka hospitali akiwa hataki kula. Uji wa wimbi, maziwa, hata ndizi za kuponda, vyote alivisukuma kando. Alitamani uyoga tu, na msimu wake ulikuwa umepita.

Mwalimu jirani aliniambia uyoga una mbegu laini kama vumbi. Nikapata mmoja mzee chini ya migomba, nikaulaza kifudifudi juu ya karatasi ya daftari na kuufunika kwa bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa na vumbi la wekundu hafifu. Nililikoroga kwenye maji, nikayanyunyizia majani makavu ya mgomba niliyokuwa nimeyachemsha na kuyaacha yapoe, nikayashindilia kikapuni na kufunika kwa gunia, karibu na meko. Kikapu cha kwanza kilioza. Cha pili kikaota nyuzi nyeupe.

"Umeanza kufuga buibui?" Mama aliniuliza. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu arudi.

Ijumaa moja, tukipika chakula cha Sabato kabla jua halijazama, niliona vichwa vidogo kama mayai ya njiwa. Nikasema vikue kidogo. Nikaviacha.

Kesho yake asubuhi uyoga ulikuwa umefunguka, mzuri kabisa. Lakini kwetu siku hiyo hatuvuni wala hatupiki. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na wako waliomlaumu baadaye. Si haki. Yeye aliniambia, "Mgonjwa ni mgonjwa. Muulize mwenyewe."

Nikaenda. "Mama, nikuchumie?"

"Nimeishika Sabato tangu nibatizwe, mwanangu. Uyoga hauna miguu. Utaenda wapi?"

"Utalegea, Mama."

"Hata mimi nimelegea, na bado mnanitunza. Ngoja jua lizame."

Sikwenda kanisani. Nilikaa naye, na kila mara nilikwenda kufunua gunia. Mchana kofia zilianza kupasuka kingo. Alasiri zikalainika, zikatoa maji ya kahawia. Jua lilipozama nilikuwa nimeshika kisu tayari. Nilichambua vipande vichache vilivyobaki vigumu, nikavichemsha kwa chumvi.

Nilimwinua, nikamtilia kijiko mdomoni. Mchuzi ukatoka pembeni. Nikajaribu tena, ukatoka tena.

"Harufu ni ile ile," alisema, akageuza uso ukutani.

Alifariki Jumatatu.

Sijui kama asubuhi ile angeweza kumeza. Huenda hangeweza. Sabato aliichagua mwenyewe, na sina la kumlaumu mtu. Lakini Ijumaa moto ulikuwa unawaka, sufuria iko mekoni, na hakuna aliyenizuia. Vile vidogo vingetosha bakuli moja. Mimi nilitaka viwe vikubwa.